Kutoka Silabi hadi Sauti: Utangulizi wa Kumfundisha Mtoto Kusoma Kiingereza

Utangulizi huu umeandikwa kwa ajili yako, mwalimu uliyepangiwa darasa la kwanza, la pili au la tatu katika shule ya msingi ya Kibaha au Kisarawe, ukakabidhiwa kipindi cha Kiingereza na kubaki unajiuliza uanzie wapi. Huenda chuoni hukufundishwa namna ya kumsomesha mtoto lugha asiyoisikia nyumbani. Huenda hata Kiingereza chako mwenyewe unakitilia shaka. Usiwe na wasiwasi. Taaluma hii ina mantiki yake, na ukishaielewa, sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwa ubao, chaki, vizibo vya soda na masikio yako mwenyewe.

Jambo ninaloomba ulishike tangu mwanzo ni hili: mtoto wa Pwani aliyejifunza kusoma Kiswahili haanzi Kiingereza kutoka sifuri. Ana mtaji. Kazi yetu ni kuujua mtaji huo, kujua unaishia wapi, kisha kumwongezea kile kinachokosekana kwa mpangilio unaoeleweka.

Kwa nini hapa, na kwa nini sasa

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ni mji wenye historia ndefu ya shule. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Nordiki zilikubaliana kuanzisha mradi wa pamoja ambao ulizaa Shule ya Sekondari Kibaha, na mwaka 1970 mradi ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kisarawe, ng'ambo ya vilima vya Pugu, ina Minaki, shule kongwe iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana. Mtoto anayefika sekondari, iwe hizo au ile ya kata iliyo jirani na kwao, anakutana na fizikia, kemia na jiografia kwa Kiingereza. Lakini shule ya msingi ya umma aliyotoka ilimfundisha kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa kuwa ya kufundishia shule za msingi tangu 1967.

Kisarawe wanalijua tatizo hili vizuri. Mwaka 2019, wilaya ikiwa chini ya Mkuu wa Wilaya Jokate Mwegelo, ilianzishwa kampeni ya Tokomeza Zero kupambana na sifuri za kidato cha nne. Sifuri ya kidato cha nne ina sababu nyingi, na mojawapo ni mwanafunzi kukaa mbele ya swali asiloweza kulisoma akalielewa. Sababu hiyo haianzii kidato cha nne. Inaanzia kwenye madawati madogo, huko uliko wewe.

Sera nayo imebadilika. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 uliweka nguvu zote kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, na Kiingereza kikasubiri hadi darasa la tatu. Mtaala wa 2023, ulioanza kutumika Januari 2024, umekirudisha Kiingereza darasa la kwanza, na elimu ya msingi yenyewe inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Kwa hiyo mwalimu wa madarasa ya chini ana lugha mbili za kusomesha kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunahitaji kuelewa jinsi lugha hizo mbili zinavyosaidiana na zinavyogongana.

Istilahi chache za kuanzia

Kabla ya kwenda mbali, tukubaliane juu ya istilahi chache. Hazina ugumu.

Fonimu ni sauti moja ya lugha, ile ndogo kabisa inayoweza kubadili maana ya neno. "Pata" na "bata" vinatofautiana kwa fonimu moja tu. Fonimu husikika, haionekani.

Herufi ni alama tunayoiandika. Mara nyingine herufi moja huwakilisha sauti moja, kama "t" katika "taa". Mara nyingine herufi mbili huungana kuwakilisha sauti moja, kama "sh" katika "shamba". Alama inayowakilisha fonimu moja, iwe ya herufi moja au zaidi, wanaisimu huiita grafimu.

Foniksi ni mbinu ya kufundisha kusoma kwa kumwonyesha mtoto, waziwazi na kwa mpangilio, ni grafimu ipi inawakilisha sauti ipi, na namna ya kuziunganisha sauti hizo kupata neno. Mtoto akiona "tin" anatamka sauti ya "t", ya "i" na ya "n", kisha anaziunganisha.

Utambuzi wa fonimu ni uwezo wa kuzisikia sauti hizo ndani ya neno na kuzichezea, bila maandishi yoyote. Unaweza kuufundisha gizani. Wengi hudhani ni kitu kimoja na foniksi, lakini utambuzi wa fonimu ni kazi ya sikio peke yake, na foniksi inaunganisha sikio na jicho. Mtoto asiyeisikia sauti ya mwisho ya "tin" hataweza kuioanisha na herufi "n", hata ukimwandikia mara mia.

Kuna mkanganyiko mwingine wa kuondoa mapema, nao ni kati ya jina la herufi na sauti yake. Simama nje ya darasa la tatu usikilize mtoto akisoma neno "bag" kwa majina ya herufi: "bii, ei, jii". Majina hayo hayaungani kuwa "bag" kwa namna yoyote. Mtoto ameimba alfabeti kwa ufasaha, makofi yamepigwa, lakini hajapewa chombo cha kusomea. Majina ya herufi yana faida yake, hasa wakati wa kutaja tahajia, ila kwa kusoma tangulia na sauti.

Mtaji wa mtoto wa Pwani

Sasa tuutazame mtaji wenyewe. Watoto wengi wa Kibaha na Kisarawe huingia shule wakiongea Kiswahili, iwe peke yake au pamoja na Kizaramo au lugha nyingine ya nyumbani. Hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu wanajifunza kusoma kwanza katika lugha wanayoielewa. Na Kiswahili ni mwalimu mwema wa kusoma. Tahajia yake ya leo ilisanifishwa miaka ya 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyochukua Kiunguja kuwa msingi. Ni tahajia changa, iliyopangwa kufuata matamshi, kwa hiyo irabu "a" ni "a" popote utakapoikuta.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ni mteremko. Mwaka 2003 watafiti Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti kuhusu makosa ya watoto katika kuandika Kiswahili, wakaonyesha kwamba hata lugha yenye tahajia nyoofu hivi inahitaji kufundishwa kwa makini. Ngorosho aliendelea na watoto wa vijijini Bagamoyo, jirani zetu, na tasnifu yake ya mwaka 2011 inachunguza nafasi ya mazingira ya nyumbani katika stadi za kusoma na kuandika Kiswahili. Kwa hiyo usikikimbilie Kiingereza kwa kuutelekeza msingi huu.

Mtoto aliyesoma Kiswahili anajua nini kinachofaa kwenye Kiingereza? Kwanza, anajua kwamba maandishi huenda kutoka kushoto kwenda kulia na kwamba kila alama ina sauti. Hilo hujifunzwa mara moja tu maishani. Pili, konsonanti nyingi anazo tayari: b, d, f, h, k, l, m, n, p, s, t, v, w, z hazitamsumbua. Tatu, na hapa walimu wengi hushangaa, tayari anajua kwamba herufi mbili zinaweza kuwa sauti moja. Anasoma "shule", "chai" na "thelathini" bila shida. Akikutana na "ship", "chin" na "thin", mwambie ni "sh", "ch" na "th" zilezile.

Hapo hapo Kiswahili kinakupa nafasi ya kueleza jambo la ndani zaidi. Sisi huandika "th" ya "thelathini" tofauti na "dh" ya "dhahabu". Kiingereza kinaandika sauti zote mbili "th", ya kwanza katika "three" na ya pili katika "this". Vivyo hivyo tunatofautisha "ng" ya "ngoma" na "ng'" ya "ng'ombe". Mwisho wa neno la Kiingereza "sing" ni sauti ya ng'ombe, na katikati ya "finger" ni sauti ya ngoma. Mtoto wako anazisikia tofauti hizi tayari. Mzungumzaji wa Kiingereza mwenyewe mara nyingi hajawahi kuzifikiria.

Kiingereza kinaposumbua

Mtaji huo unaishia mahali. Kiingereza kina herufi 26 lakini sauti takriban 44, kutegemea lafudhi. Alfabeti ndogo inabeba sauti nyingi, kwa hiyo herufi hurudia kazi na kuunganishwa kwa njia mbalimbali. Isitoshe, tahajia ya Kiingereza ilianza kutulia baada ya William Caxton kuleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, wakati matamshi ya irabu yalikuwa bado yanabadilika. Maandishi yakabaki nyuma, matamshi yakaenda mbele. Tahajia yetu ilipangwa baada ya sauti kujulikana, na ya kwao ikagandishwa njiani.

Ukubwa wa tatizo umepimwa. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa darasa la kwanza katika lugha mbalimbali za Ulaya. Wafini, Wagiriki, Waitaliano na Wahispania walisoma kwa usahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Scotland, waliokuwa wakisoma Kiingereza, lugha yao wenyewe, walipata takriban asilimia 34. Kumbuka takwimu hiyo siku utakayotaka kumgombeza mtoto wa Maneromango, kule Kisarawe, kwa kushindwa kusoma sentensi ya Kiingereza. Mwenye lugha mwenyewe huchelewa.

Kwa Mswahili kuna vikwazo viwili vikuu: muundo wa silabi na idadi ya irabu. Tuvichukue kimoja kimoja.

Kutoka silabi hadi sauti moja

Silabi ni kipande cha neno kinachotamkwa kwa mkupuo mmoja. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na ndiyo maana "ba, be, bi, bo, bu" imewafundisha Watanzania kusoma kwa vizazi. Njia hiyo ni nzuri kwa Kiswahili na sikushauri uiache. Lakini inamzoesha mtoto kuona silabi kama kipande kidogo kabisa cha neno. Kiingereza kinadai ashuke hatua moja zaidi, hadi kwenye sauti moja moja, kwa sababu maneno yake mengi hufungwa na konsonanti: "pin", "bus", "desk".

Jaribu zoezi hili ujionee. Mwambie mtoto wa darasa la kwanza aseme "pini", kisha aseme tena akiondoa sauti ya mwisho. Mara nyingi atajibu "pi". Hajakosea kwa uzembe. Umemwambia aondoe kipande cha mwisho, na kwake kipande ni "ni". Sasa mwelekeze mdomoni: aseme "pini" polepole, na akifika kwenye "n" asimamishe ulimi pale ulipogusa nyuma ya meno, aiache sauti ivume puani: "pinnn". Asifungue mdomo kutoa "i". Akiweza hivyo, amesema neno lake la kwanza la Kiingereza lenye silabi funge, yaani silabi inayoishia na konsonanti, na amelitoa ndani ya neno alilokuwa nalo.

Anza na "n" na "m" kwa sababu Kiswahili chenyewe kimemwandaa. Katika "mtu" na "nchi", "m" na "n" husimama zenyewe bila irabu, tena ni silabi kamili. Mtoto anajua kuziacha zivume. Kwa hiyo "pan", "tin", "jam" na "ham" zitangulie. Zifuate "s" na "f", ambazo pia zinaweza kuvutwa: "bus", "gas". Konsonanti zinazokatika ghafla, kama "p", "t", "k", "b" na "d", zije baadaye, maana ndizo zinazomshawishi mtoto kuongeza irabu na kusema "kapu" anapotaka kusoma "cap".

Maneno ya mkopo ni hazina ya mchezo huu. Watoto wanajua peni, basi, soksi, benki, deski. Kila neno kati ya hayo lina ndugu wa Kiingereza asiye na irabu ya mwisho. Cheza mchezo wa kuondoa mwisho kwa dakika tano kila siku, kwa mdomo tu, kabla hujaandika lolote ubaoni.

Nawe mwalimu, jichunge. Ukifundisha sauti ya "s", vuta "sss", usiseme "sa" wala "si". Ukisema "pa-i-na" ukitarajia "pin", mtoto mwaminifu atakusomea "paina", na atakuwa amekutii.

Irabu: mahali pa kwenda polepole

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka irabu moja hadi nyingine. Sikio lililokuzwa kwa irabu tano litazigawa sauti 20 kwenye vikapu vitano.

Ushahidi tunauvaa na kuupanda kila siku. "Bag" imekuwa begi na "bus" imekuwa basi. "Shirt" imekuwa shati, "skirt" ikawa sketi na "nurse" ikawa nesi, ingawa katika Kiingereza cha Uingereza maneno hayo matatu yana irabu ileile. Sikio la Kiswahili liliipeleka mara kwenye "a", mara kwenye "e". Ukielewa hivyo utaelewa kwa nini mwanafunzi anachanganya "bag" na "beg" kwenye imla, na utajua hilo ni suala la sauti, akili yake haina kasoro.

Mtego mkubwa kuliko yote ni herufi "u". Katika Kiswahili haibadiliki. Katika Kiingereza, kwenye maneno mafupi, mara nyingi inakaribia "a" yetu: "bus", "cup", "sun". Mtoto atasoma "kupu" na "suni". Usiifundishe "u" wiki moja na "a". Acha "a" ikomae kwanza, kisha leta "u" ukitumia basi kama daraja: tunasema basi, Kiingereza kinaandika "bus", basi hii "u" inafanya kazi ya "a".

Hapa walimu huniuliza kuhusu lafudhi. Je, asiyetofautisha "bat" na "but" anapoongea anaweza kufundisha foniksi? Anaweza. Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe hawatamki sawa. Wa Scotland, wa Marekani na wa London wanatofautiana kwenye irabu zaidi ya mahali pengine popote. Kinachotakiwa ni uthabiti, yaani grafimu moja uitamke vilevile leo na kesho. Sikiliza rekodi nzuri pale unapoweza, tofautisha kadiri uwezavyo, na palipobaki mfanano, maana ya sentensi itaamua.

Mpangilio wa kufundisha

Mbinu nyingi za foniksi hazifuati mpangilio wa alfabeti. Jolly Phonics, iliyotoka Uingereza mwaka 1992 na inayofahamika katika shule zetu za mchepuo wa Kiingereza, huanza na s, a, t, i, p, n. Sababu ni ya kivitendo: kwa sauti hizo sita mtoto anaweza kusoma "sat", "pin", "tap", "nap", "tin", "pan" na mengine mengi mapema kabisa. Kwetu kuna faida ya ziada, kwamba zote sita zipo katika Kiswahili. Akili ya mtoto inaelekezwa kwenye jambo moja tu jipya, kuufunga mwisho wa neno.

Zikifuata m, d, g, o, k, e, b, h, unabaki bado ndani ya mtaji. Kisha lete vitu vigeni kimoja kimoja: "c" inayosimama peke yake, ambayo Kiswahili hakina, "u" kwa tahadhari niliyotaja, halafu "x" na "q". Baada ya hapo "sh", "ch", "th" na "ng", ambazo zitapita kwa urahisi. Ndipo uje kwenye "e" isiyotamkwa, ile ya mwisho wa "cake" na "gate". Mtoto wa Kiswahili ataisoma "kake", kwani hajawahi kuona herufi iliyokaa kimya. Mweleze kwamba "e" hiyo haisemi, lakini inaibadilisha irabu iliyotangulia. Onyesha jozi: "cap" na "cape", "pin" na "pine". Mwisho kabisa fundisha irabu za herufi mbili kama "ai", "ee" na "oa".

Somo lenyewe linaweza kuwa hivi. Kila jozi ya watoto ina vizibo sita vya soda vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino mzito. Unasema "tin". Watoto wanarudia, wanahesabu sauti kwa vidole: tatu. Wanachagua vizibo, wanavipanga juu ya dawati, wanavigusa kimoja kimoja wakitamka, kisha wanapitisha kidole chini ya vyote kwa pamoja: "tin". Sasa unawaambia, "Badilisha kizibo kimoja upate 'pin'." Wanatafuta ni kipi. "Badilisha kimoja upate 'pan'." Darasa la watoto wengi linafanya kazi hii kwa wakati mmoja, nawe unapita kati ya madawati ukisikiliza. Anayebadilisha kizibo cha mwisho wakati sauti iliyobadilika ni ya kwanza amekuonyesha hasa anachohitaji kesho.

Yako maneno yasiyotii kanuni, nayo hutumika mno: "the", "was", "said". Yafundishe machache kila wiki kwa kuyatazama mazima, ukionyesha sehemu inayotii na ile isiyotii. Katika "said", "s" na "d" ni za kawaida. Ni "ai" tu iliyoasi.

Kusoma bila kuelewa si kusoma

Tumefika kwenye jambo zito zaidi. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza mtazamo sahili wa kusoma: uelewa wa maandishi ni zao la uwezo wa kutamka maandishi na uwezo wa kuielewa lugha inaposemwa. Zingatia neno "zao". Ni kuzidisha. Chochote ukikizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Mtoto anaweza kutamka "The hen is on the mat" bila kosa hata moja na asijue kuna kuku wala mkeka.

Hatari hii ni kubwa kwetu kuliko kwa watoto wa Scotland, ambao neno wakilitamka tu wanalitambua. Kwa hiyo fuata kanuni hii: usimpe mtoto asome neno ambalo hajalisikia likitumika. Kabla ya vizibo kuja "tin", "pan", "hen" na "pot", leta kopo, kikaango na sufuria, na muonyeshe kuku anayepita nje. Waulize kwa Kiingereza, wajibu kwa vitendo. Pale maana inapokataa kufika, ieleze kwa Kiswahili bila kuona aibu. Jim Cummins ametetea tangu 1979 kwamba maarifa ya lugha ya kwanza yanabeba ya lugha ya pili, na mwalimu anayekikataza Kiswahili darasani anamnyang'anya mtoto mtaji wake.

Jopo la kitaifa la kusoma la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2000, lilitaja nguzo tano: utambuzi wa fonimu, foniksi, ufasaha wa kusoma, msamiati na ufahamu. Tumekaa sana kwenye mbili za kwanza kwa sababu ndizo msingi na ndizo zinazorukwa. Tatu zilizobaki zinazitegemea, lakini hazijileti zenyewe. Hadithi ya kusomewa kwa sauti, wimbo, na mazungumzo mafupi kila siku vina kazi sawa na vizibo.

Maswali utakayoulizwa

Mzazi atakuuliza: kwa nini msianze Kiingereza moja kwa moja, kama shule za mchepuo? Mjibu kwa heshima kwamba mtoto akijua kusoma kwa lugha anayoielewa, ufundi huo anahama nao. Jirani zetu wa Kenya, katika mpango wa Tusome ulioanza nchi nzima mwaka 2015, waliziendesha lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, kwa masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua na kwa vitabu vinavyomfikia kila mtoto. Lugha mbili zinakwenda pamoja zikipangwa vizuri.

Mwalimu mkuu atakuuliza utajuaje kama wanaendelea. Huhitaji mtihani mkubwa. Uwezo, tathmini iliyoanza hapa nchini mwaka 2010, ilipima watoto kwa ngazi rahisi: herufi au silabi, maneno, aya, hadithi. Nawe andika sauti kumi, maneno kumi mafupi na sentensi mbili kwenye kadi moja. Msikilize kila mtoto kwa dakika moja, watoto watano kwa siku, uandike alipokwama. Baada ya wiki chache utakuwa na ramani ya darasa zima.

Na wewe utajiuliza kama unaweza. Taaluma hii haidai Kiingereza cha mtangazaji wa redio. Inadai mpangilio, uthabiti na usikivu, vitu ambavyo mwalimu wa KKK anavyo tayari.

Basi kabla ya kufungua kitabu cha Kiingereza, fanya jambo moja kwanza. Msikilize kila mtoto wako akisoma Kiswahili. Anayesoma silabi bila kusita, mwanzishie "pini" na "pin" wiki hiyohiyo. Anayesuasua, mkamilishie kwanza Kiswahili chake huku ukiendelea kumzungumzisha Kiingereza kwa mdomo. Usimwache nyuma, wala usimsukume. Karibu kazini.